Waandishi wa Tanga, mzuka ukikata mnafanyaje? Nina wasomaji wananidai

#1 Mtunzi_wa_Makorora
Salaam wakuu. Naingia moja kwa moja maana sina hali. Mie ni mwandishi wa simulizi, zile za kuendelea. Sehemu za mwanzo naziweka Facebook bure, zinazobaki nauza kwenye grupu la WhatsApp, elfu tatu simulizi nzima. Sio utajiri ila kodi ya chumba inatoka humo. Sasa kuna hii ninayoandika imefika sehemu ya 41, watu wameshalipa, na leo wiki ya tatu sijaandika hata mstari. Nakaa, nafungua simu, naandika "Asubuhi ya siku ile", nafuta. Naandika "Siku ile asubuhi", nafuta. Jana nimefanya mchezo huo toka isha mpaka saa sita usiku nikaishia kuangalia video za watu wanaofua mazulia.

Grupu limechafuka. Wiki ya kwanza nilisema naumwa, wakanipa pole. Ya pili nikasema simu imeingia maji, wakanipa pole nusu. Sasa hivi uongo umeniishia na hilo ndo linanitisha zaidi, mtunzi mzima nimekosa hata cha kudanganya.

Madai yangu ni haya, anayetaka anipinge: ilhamu ni kama wanavyousema mji wetu, waja leo waondoka leo. Ikija unaandika, ikiondoka huna la kufanya zaidi ya kuisubiri stendi. Ama kuna mtu ana njia?

#2 Shombo_la_Deepsea
Siti ya mbele, nimekuja na kahawa na kashata zangu mbili. Wajuzi waje.

#3 Fundi_Barabara_ya_12
Mie si mwandishi, nashona nguo hapa Ngamiani. Mteja akileta kitambaa Jumatatu anataka gauni la kuvaa harusini Ijumaa, hajui mambo ya mzuka. Kuna siku naamka mkono mzito kama nimelalia. Siku hizo sianzi na kola, naanza na vya kipuuzi, vifungo, lupu, pindo la suruali ya mwanafunzi. Mkono ukishazoea mashine najikuta nishaingia kwenye kola na sikumbuki nimeingia saa ngapi. Nyie waandishi mnajidekeza tu.

#4 BintiBondei
Fundi kasema kweli. Halafu kwa nini twende mbali, tuna Shaaban Robert wetu hapa, alikuwa mwalimu, kutwa chaki mkononi watoto wanapiga kelele na bado akirudi jioni anaandika. Wewe una chumba chako peke yako Makorora unalia.

#5 Karani_Mstaafu
Mjukuu wangu BintiBondei, hakuwa mwalimu. Alikuwa karani. Alianza forodhani 1926 mpaka 1944, Pangani ikiwemo, akahamia Idara ya Wanyama, akarudi ofisi ya wilaya hapa Tanga 1946 hadi 1952, akamalizia upimaji mpaka 1960. Amefariki 1962 na kaburi lake liko Vibambani, upande wa Machui, mnalipita mkienda Pangani mkiwa mmeinamia simu.

Sasa hesabu. Miaka thelathini na kitu ya kumwandikia mkoloni barua na hesabu za ushuru, na vitabu zaidi ya ishirini juu yake. Watu husema "pamoja na kazi aliandika". Mie niliyekaa mezani pa ofisi ujana wangu wote nasema ni kwa sababu ya kazi. Karani kutwa anaandika. "Napenda kukujulisha kwamba", "rejea barua yako ya tarehe". Hakuna mtu anayesubiri ilhamu ya kuandika "rejea barua yako". Ukirudi nyumbani mkono hauiogopi karatasi. Kijana wetu anaiogopa karatasi, basi.

#6 Shombo_la_Deepsea
Kwa hiyo Babu unamshauri akaombe ukarani wa forodha? Nafasi zenyewe siku hizi utaipata ukiwa na umri wa kustaafu.

#7 MamaVitumbua
Habari zenu. Mie naandika hadithi za watoto, zipo nyingi kwenye madaftari, mbili zimewahi kusomwa redioni. Nasimulia ninavyofanya, atakayependa achukue.

Naamka saa kumi usiku. Mchele umelala kwenye maji, nausaga na tui, natia iliki na hamira, nafunika na sinia. Hapo mpaka uumuke nina kama saa nzima na watoto wamelala, mkaa ndo kwanza unashika. Nakaa kwenye kigoda, nafungua daftari la madeni kwa nyuma, naandika. Mbele Mama Salma elfu moja mia tano, nyuma sungura kaingia shamba la muhogo. Unga ukipanda ukagusa sinia naacha hapo hapo, hata kama ni katikati ya neno, maana unga ukichachuka hauna msamaha.

Sasa kitu nilichokigundua, na sikufundishwa na mtu. Nikiachia katikati ya neno kesho yake naingia kama nateleza, sababu hata kama sijui hadithi inakwenda wapi, nusu ya neno naijua. Siku moja mvua ilinyesha sikwenda kuuza, nikakaa nikamaliza sura yote vizuri, nikapiga mstari chini. Wiki nzima sikuandika tena. Usimalize mwanangu. Achia njiani.

#8 Msomi_wa_Usagara
MamaVitumbua shikamoo. Unajua umesema kitu alichokuwa anakisema Hemingway, yule Mmarekani? Alikuwa anaacha kuandika pale anapojua kitakachofuata, hangoji aishiwe. Alikifananisha na kisima, usikikaushe, bakisha maji chini usiku kijae.

#9 MamaVitumbua
Marahaba. Sikumjua, ila na yeye inaonekana alikuwa na unga mahali.

#10 Mabawa_Kisimani
Mambo ya kisima niachieni mie, nimekulia kwenye foleni ya ndoo. Kisima chetu kiangazi ukichota hovyo inapanda tope, na ikishapanda tope haisaidii kuchungulia wala kugonga ndoo, unaondoka, unarudi alfajiri. Aliyechota tope ndo alikuwa anatukanwa mtaa mzima. Swali kwa mleta uzi: kabla ya kukauka ulikuwa unaandika sehemu ngapi kwa siku?

#11 Mtunzi_wa_Makorora
Asanteni wote. @Mabawa_Kisimani kusema ukweli mwanzo zilikuwa tatu kwa siku. Kuna siku tano. Likes zilikuwa zinapanda nikawa siwezi kulala.

@MamaVitumbua ushauri wako mzuri ila mie nimeachia katikati ya neno kweli na ndo limenikwama. Neno lenyewe ni "Zuhu". Sijui hiyo Zuhu ifanye nini maana Zuhura nilimuua sehemu ya 38.

#12 Subira_wa_Duga
SUBIRINI KWANZA. Zuhura? Zuhura wa Amri?? Kumbe ni WEWE?! Nilikutumia elfu tatu mwanzoni mwa mwezi na ujumbe wa muamala ninao! Hii simu iliyoingia maji ndo unayoanzishia uzi?

#13 Shombo_la_Deepsea
😂😂😂 Naongeza kashata. Mwizi kajipeleka mwenyewe kituoni.

#14 Mtunzi_wa_Makorora
Dada Subira nisamehe. Sina hata la kusema. Pesa yako ukitaka nitarudisha ijumaa

#15 Subira_wa_Duga
Sitaki pesa nataka Zuhura. Na kwa kuwa nimekukamata nitakwambia unachoumwa maana nimesoma sehemu zote 41 tena nyingine mara mbili. Hujakauka wewe. Umemuua mtu ambaye hadithi yote ilikuwa imeegemea kwake. Sehemu ya 35 kuna wasomaji walisema Zuhura anaringa, anajifanya anajua, ukakasirika ukamgongesha na lori la machungwa pale Muheza. Lori la machungwa! Hata halikuwa na breki mbovu, lilitokea tu. Toka hapo Amri anazunguka, anakunywa chai, anamkumbuka. Sehemu tatu nzima anakunywa chai. Ungekuwa na ilhamu ya mtume ungeandika nini na mtu anayekunywa chai?

#16 Mabawa_Kisimani
Mie hadithi sijaisoma ila hapo kwenye lori dada kaniuma.

#17 Ustadhi_wa_Chuda
Assalaam alaykum. Nyote mmezunguka hamjataja jicho. Kijana alikuwa anatoa sehemu tano kwa siku, anazitangaza, watu wanahesabu, wanasema "huyu anaandika kama mashine". Hasad ipo na imetajwa. Asome muawidhatayn, zile sura mbili za mwisho za Qur'ani, asubuhi na jioni, atoe sadaka kidogo, na aache kutangaza idadi. Hata fundi akimaliza nguo kumi hasemi kumi, anasema mungu kajaalia.

#18 Fundi_Barabara_ya_12
Waalaykum salaam ustadhi. Kweli sisemi kumi, ila ni kwa sababu ya watu wa ushuru.

#19 Msomi_wa_Usagara
Dua siipingi. Ila nilitaka kuongezea kwenye hoja ya Karani. Kuna Mwingereza anaitwa Anthony Trollope, karne ya 19, mtumishi wa posta. Anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, anaweka saa mezani, anajilazimisha maneno 250 kila robo saa, masaa matatu, halafu anakwenda zake kazini. Riwaya 47. Yaani kila siku maneno elfu tatu, na hakuna grupu linalomdai.

#20 Kaskazi_Inavuma
Kidogo tu mkuu. Zile si elfu tatu. Nusu saa ya mwanzo alikuwa anasoma alichoandika jana, ndo anaanza. Kwa hiyo hesabu ni masaa mawili na nusu, kama 2500. Naisema kwa sababu hiyo nusu saa ya kusoma ndo watu wanaisahau wakati mie naona ndo inayombeba. Mtunzi anafungua simu anaanza na "Asubuhi ya siku ile" kwenye ukurasa mtupu, hajasoma ya jana yake.

Na mwisho wake mnaujua? Alifariki 1882, mwaka uliofuata kitabu cha maisha yake kikatoka, kila kitu kakisema humo, saa mezani, idadi ya maneno, pesa alizolipwa kwa kila riwaya, na akajilinganisha na fundi viatu. Wasomaji wengi wakamshusha, ikawa kumbe alikuwa anatengeneza viatu tu. Kwa hiyo ustadhi kwenye suala la kutangaza idadi ana pointi, ingawa si kwa njia ya jicho.

#21 Fundi_Barabara_ya_12
Fundi viatu na fundi nguo ni ndugu. Nimefurahi sana leo, naomba huyo mzee wa posta awekwe upande wangu.

#22 Ghani_za_Mrima
Nyie watu wa hadithi shida yenu mmepewa uwanja mkubwa mno. Uwanja usio na goli utapiga mpira wapi? Mie natunga mashairi, na siku kichwa kikiwa kitupu najifunga kamba mwenyewe. Nachukua kina cha kati na cha mwisho kabla sijajua nitasema nini. Leo nimesoma uzi huu nikajipa "ka" na "zi", nikatoa hili nikiwa kwenye daladala ya Pongwe:

Kalamu nimeishika, karatasi iko wazi
Neno limenitoroka, limekwenda kwa wajuzi
Usiku umenicheka, mbu ndo wasimulizi
Hadi kukipambazuka, nina kina sina kazi

Silisifii, ila angalieni: hao "wasimulizi" sikuwafikiria mie. Nilikuwa natafuta neno la "zi" na mbu kaniuma shingoni. Kina ndo kimewaita. Ukiwa huru kabisa kichwa kinaleta yale yale ya jana, ukikibana kinatafuta mlango wa uani.

#23 Karani_Mstaafu
Ubeti umenifurahisha. Lakini "ndo"? Hiyo "ndo" umeiweka kukwepa mizani. "Ndio" ingekutoa silabi tisa badala ya nane.

#24 Ghani_za_Mrima
Babu umenikamata. Mbu ana mizani mbili, m na bu, akaniharibia hesabu. Ningesema "nzi" ingekuwa pia mbili, na nzi usiku hayupo.

#25 Karani_Mstaafu
Ungesema "mbu nao ni wapuzi".

#26 Ghani_za_Mrima
Wapuuzi ina u mbili Babu! Unanisahihisha wizi kwa wizi 😂

#27 Shombo_la_Deepsea
Mwenye uzi kasahaulika, mbu wamechukua nafasi.

#28 Salha_M
Mimi nitaongea kidogo na siyo utani. Miaka miwili nyuma nilikuwa naandika makala za kulipwa, nikakauka miezi minne. Nilijilaumu kila aina, mvivu, sina nidhamu, nikajipangia ratiba nikaibandika ukutani, nikashindwa, nikazidi kujichukia. Nilikuwa nasoma mstari mmoja mara tatu sijauelewa. Dada yangu akanivuta zahanati kwa sababu tu nilikuwa nahema nikipanda ngazi. Damu ilikuwa saba. Nikatumia dawa, nikala mchicha na maini mpaka nikayachukia, mwezi wa pili nikajikuta naandika na sikujilazimisha. Simaanishi mleta mada anaumwa. Nasema kabla hujaulaumu moyo pima mwili. Unalala masaa mangapi? Unakula nini?

#29 Mtunzi_wa_Makorora
Pole sana dada. Nalala kama saa nane usiku naamka saa tano asubuhi. Kula, mchana chipsi, usiku inategemea

#30 MamaVitumbua
"Inategemea" siyo chakula mwanangu. Pita hapa asubuhi utapata chai na vitumbua vya jana kama huna hela.

#31 Upepo_wa_Raskazone
Yote tisa, kumi ni kutembea. Mie nikikwama naishika njia ya Raskazone mpaka mwisho, bahari inapuliza, meli zimetia nanga mbali huko, narudi na sura nzima kichwani. Hewa ya bahari ndo dawa. Mtu wa Dodoma akikauka simjui anafanyaje.

#32 Msomi_wa_Usagara
Kutembea kuna ukweli, 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford walilichapisha hilo, waliotembea walitoa mawazo mapya mengi kuliko waliokaa. Ila bahari haikuwa na kazi kubwa mkuu. Kuna waliotembezwa kwenye mashine ndani ya chumba wakiangalia ukuta mtupu na bado walifanya vizuri. Ni miguu.

#33 Upepo_wa_Raskazone
Hao hawajafika Raskazone.

#34 Kaskazi_Inavuma
Na kuna kipande Msomi amekiruka, samahani leo nimekuwa kama mwalimu mkuu. Kutembea kuliwasaidia kwenye kutoa mawazo mengi ya aina aina. Kwenye maswali yenye jibu moja tu hakukusaidia, hata kuliwashusha kidogo. Sasa Mtunzi anahitaji kipi? Kama tatizo ni nini cha kuandika, atembee. Kama tatizo ni Zuhura yu hai au kafa, hilo lina jibu moja, atatembea hadi Horohoro avuke na mpaka wa Kenya, bure.

#35 Subira_wa_Duga
Yu hai.

#36 Chuma_cha_Reli
Mnapoteza muda. Atafune mirungi usiku mmoja atatoa sehemu kumi.

#37 Salha_M
Hiyo hapana. Kwanza ni kosa kisheria, pili nimewaona waliotafuna wakatoa sehemu kumi, asubuhi wakisoma mhusika ana majina matatu.

#38 Kipwa_cha_Totten
Nimesoma wote. Hakuna aliyegusa pesa. Mtunzi analipwa kabla hajaandika, ndo ugonjwa wenyewe. Nilikuwa na ndugu yangu seremala, akipewa hela yote ya kitanda mbele, kitanda hakiishi. Akipewa nusu, kitanda kinafika wiki ile ile. Sasa huyu kapewa yote na kaila. Kila akifungua simu haoni hadithi, anaona deni. Nani anaweza kutunga mapenzi huku anaangalia orodha ya wadai?

#39 Fundi_Barabara_ya_12
Mie nachukua nusu. Ila kuna wateja walionilipa yote na nguo zao zimetoka, kwa hiyo isiwe sheria. Na kuna ambao hawakulipa kitu na nguo zao zipo kabatini mwaka wa pili, kwa hiyo hata bure haisukumi.

#40 BintiBondei
Kwa hiyo Kipwa akilipwa mwisho ndo ilhamu inakuja? Mbona wanaoandika bure humu Facebook wengi wameishia sehemu ya 6?

#41 Kipwa_cha_Totten
Hao ni ugonjwa mwingine.

#42 Chuma_cha_Reli
Basi tuongelee Gurnah, yule mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, kachukua Nobel ya fasihi 2021 na hakuwa na grupu la WhatsApp.

#43 Karani_Mstaafu
Alikuwa na kazi, mwanangu. Amefundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka kustaafu. Narudi pale pale kwenye namba 5, mshahara umekaa pembeni, mkono una shughuli kila siku.

#44 Chuma_cha_Reli
Na anaandika Kiingereza.

#45 Ghani_za_Mrima
Hilo lifungulieni uzi wake, likianza hapa hatutoki leo, na mods watalala nje.

#46 Karani_Mstaafu
Nimelala nikalifikiria suala la huyu kijana. Nina jambo moja. Kuna kitabu cha barua za Shaaban Robert kwa nduguye Yusuf Ulenge, zinaanzia 1931 zinakwenda mpaka 1958. Miaka ishirini na saba anamwandikia mtu mmoja. Sasa fikirini tofauti ya kuandikia watu na kuandikia mtu. Ukimwandikia mtu unajua anachokijua, unajua atacheka wapi. Mtunzi unaandikia grupu, grupu halina uso, lina sauti ya kugombeza tu. Mwandikie huyu Subira. Usiandike sehemu ya 42. Andika barua, "Dada Subira, kuhusu suala la Zuhura, rejea malalamiko yako ya namba 15", halafu umweleze kilichotokea. Ukarani mtupu. Uone kama mkono utakataa.

#47 Subira_wa_Duga
Mie nipo tayari kupokea. Ila nisiandikiwe kwa huruma.

#48 Mabawa_Kisimani
Mie bado nasema aondoke kisimani. Wiki nzima asiguse. Barua nayo ni kuchota.

#49 Ustadhi_wa_Chuda
Barua aandike, lakini aanze na bismillahi.

#50 Mtunzi_wa_Makorora
Wakuu nimerudi, siku nne zimepita, nilikuwa nasoma kimya kimya. Nawapa ripoti kama ilivyo.

Siku ya kwanza nimetembea mpaka Raskazone na kurudi. Nimepata mawazo kumi na moja, yote ya hadithi nyingine. Siku ya pili nimejaribu ka na zi, nimepata shairi la matusi kuhusu mwenye nyumba, sitaliweka. Siku ya tatu nimekwenda kwa MamaVitumbua, saa kumi na moja alfajiri, nikakaa kwenye kigoda chake wakati anachoma. Hakuniuliza kitu. Kulikuwa na mtoto wa jirani katumwa na bakuli, kasinzia kasimama, paji la uso limeegemea nguzo ya kibanda, bakuli mkononi halijaanguka. Nimemwangalia muda mrefu.

Jana usiku umeme ulikatika, joto, mbu, nikaamka saa tisa. Nikawasha tochi ya simu nikaandika kwenye karatasi ya kalenda, kwa nyuma. "Dada Subira." Nikaandika upande mmoja na nusu. Yule mtoto kaingia humo sijui kwa njia gani, kasimama nje ya hospitali ya Muheza na bakuli la uji, kamletea mtu. Nikaachia hapo kwenye neno "ka". Asubuhi nikaamka nikajua kinachofuata.

Sasa msiniulize dawa ya nani imefanya kazi. Ustadhi nilisoma pia. Na usiku ule nilikuwa nimekula.

#51 Fundi_Barabara_ya_12
Ni vifungo hivyo. Kaanza na vifungo.

#52 Karani_Mstaafu
Ni barua.

#53 Mabawa_Kisimani
Siku tatu hakuandika kabisa! Kisima kimejaa! Mbona hamsomi?

#54 Kaskazi_Inavuma
Hospitali ya Muheza, uji. Uji anapelekewa mgonjwa, marehemu hapelekewi.

#55 Subira_wa_Duga
NIMEONA!!! Zuhura hajafa???

#56 Mtunzi_wa_Makorora
Lipia sehemu ya 42 utajua.

#57 Subira_wa_Duga
NILISHALIPIA!!